Nyumba Elfu Nne Juu ya Paa la Posta

Ofisini walimwita Bibi Futi. Walimpa jina hilo kwa kumcheka, naye akalipokea na kulivaa kama cheo. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mkaguzi wa nyumba katika tawi la kampuni moja ya bima, na katika miaka hiyo yote hakuna nyumba mjini iliyokatiwa bima ya mafuriko kabla yeye hajaizunguka kwa miguu, futi ya chuma mkononi, daftari kwapani, na uso umekunjamana kana kwamba ananusa kitu kilichooza.

Msimamo wake ulikuwa mmoja: mwenye nyumba ni mwongo mpaka ukuta useme vingine. Mwenye nyumba hudanganya kwa mdomo, na akishindwa hudanganya kwa rangi. Ukikuta ukuta umepakwa rangi mpya kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na kuanzia kiunoni kwenda juu rangi ni ya zamani, usianze kusifia mapambo. Bibi Futi aliichokonoa rangi ile kwa ufunguo wa kabati lake mpaka alama ya tope ikajitokeza, akaipima, akaandika. Kisha alikwenda kwa jirani. Hakumwuliza kama maji huingia, maana jirani naye ana nyumba ambayo siku moja ataiuza. Alimwuliza kwa upole, kama mtu anayepitisha muda, "Mara ile ya mwisho mlihamia kwa nani?" Na jirani, kabla hajajua ameulizwa nini, alikwisha kutaja jina la shemeji yake, mtaa wa shemeji na ubahili wa shemeji.

Alikuwa hodari, na ubaya ni kwamba alijijua. Mafundi wa ujenzi aliwaita wapaka udongo. Mawakala wa bima aliwaita wauza maneno. Wateja hakuwaita chochote, aliwatazama tu kuanzia viatuni kwenda juu, na safari hiyo mara nyingi iliishia magotini.

Aliyeonja dharau hiyo kuliko wote ni mdogo wake, wa tumbo moja, fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule katika chumba cha kupanga ambamo mmoja hupita mwenzake akisimama. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kuinama. Aliuza kiwanja alichoachiwa na mama yao ili anunue nyumba ndogo ya kuweka cherehani zake nne na kulala bila kuamshwa na mlango wa mwenye nyumba. Fedha ile ilitosha nyumba moja. Akikosea, hakuna ya pili.

Kwa hiyo kila alipoonyeshwa nyumba alimwita dada yake, na kila alipoitwa dada yake aliikataa. Nyumba saba. Hazikuwa nyumba nzuri, tuseme ukweli, na kila alichokisema Bibi Futi kilikuwa sahihi. Lakini alikisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kwenye nyumba ya saba alisimama sebuleni, mbele ya dalali, mbele ya muuzaji na mama yake muuzaji, akacheka.

"Hii si nyumba," alisema. "Hili ni bwawa lenye mlango. Na wewe ulikuwa tayari kulipa!"

Njiani mdogo wake alifuta macho kwa kiganja. "Dada, unasema kweli, lakini unanivua nguo mbele za watu. Nyumba nyingine sitakuita."

"Usiniite. Utaniita maji yakifika," akajibu Bibi Futi, na akaona amesema jambo la maana.

Wakati huohuo makao makuu yakaleta meneja mpya wa tawi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vimechongoka, simu mbili, na neno "data" mdomoni kabla ya kila neno na baada yake. Siku ya tatu akapewa jina la Bwana Setilaiti, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli, alidhani ni sifa.

Bwana Setilaiti aliwakusanya wafanyakazi wote katika chumba cha mikutano, akawasha projekta, akawatangazia mwisho wa ujinga. Kampuni imenunua mfumo. Mfumo unajua kila kipande cha ardhi: mto ulipopanda na kwa kina gani, mteremko upi huporomoka, udongo upi hutitia, upepo huezua mapaa upande gani. Ukiupa mahali nyumba ilipo, unakupa rangi. Kijani, hatari ndogo. Njano, tahadhari. Nyekundu, usikate bima. Dakika tatu, cheti kimetoka, hakuna haja ya mtu kwenda kukwaruza ukuta wa watu. Wateja wa zamani na wapya wamekwisha kuingizwa wote. Karani alikaa siku tisa akinakili fomu mpaka vidole vikavimba.

"Na matokeo ni haya," alisema Bwana Setilaiti, akabonyeza.

Ramani ya mji ikajaa ukutani. Katikati yake palikuwa na duara moja nene, la kijani kibichi, na hapa na pale vijidoa vichache vilivyopotea njia.

"Asilimia tisini na saba ya wateja wetu wako salama!"

Mawakala wakapiga makofi. Kwao kijani ilikuwa rangi ya posho. Bibi Futi hakupiga makofi. Aliinuka, akasogea mpaka kivuli chake kikaangukia ukuta, akalitazama lile duara. Alikuwa ameutembea mji ule mara nyingi kuliko mbwa wa mitaani, na ilimchukua muda wa kumeza mate kujua pale ni wapi. Pale palikuwa posta.

Mtu asiyefahamu asicheke kwanza, asikilize kilichotokea. Katika mji ule nyumba hazina namba, na mitaa mingi ina jina la duka lililokwisha kufungwa. Fomu ya bima, sehemu ya juu, iliuliza: Anwani. Na kila aliyepita darasa la nne anajua anwani ni nini, alichapwa kwa ajili yake: jina lako, chini yake S.L.P., chini yake mji, pembeni kulia, nukta mwisho. Kwa hiyo wateja waliandika sanduku la posta. Asiyekuwa na sanduku aliandika la mwajiri wake, la shule ya watoto, au la shemeji ambaye hawajaamkiana tangu msiba wa mwaka juzi. Mahali nyumba ilipo hasa waliandika chini kabisa ya karatasi, penye mistari ya "Maelezo ya kufika": pita kisima, kata kushoto kwenye mnazi uliokatika, uliza kwa fundi baiskeli. Mistari hiyo ndiyo Bibi Futi aliyoisoma miaka yote. Mfumo haukuwa na pa kumwekea fundi baiskeli. Karani akanakili anwani. Mfumo ukapewa sanduku la posta, ukalitafuta, ukalikuta posta, na posta imejengwa juu ya kilima cha mwamba ambacho hata gharika isingekifikia. Nyumba elfu nne na ushei, pamoja na watu wake, mbuzi wake na makochi yake, zilikuwa zimepandiana juu ya paa la posta, zote zikavu, zote za kijani.

Bibi Futi alinyoosha kidole. "Bwana Meneja, hilo duara..."

"Mama," Bwana Setilaiti alimkatiza kwa tabasamu la kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "nakuheshimu sana. Lakini zama za futi zimekwisha. Sasa tunapima kutoka angani. Wewe pumzika, miguu yako imetutumikia vya kutosha."

Wakacheka. Wakala mnene alicheka mpaka akakohoa. Hata karani, mwenye vidole vilivyovimba, alicheka.

Bibi Futi akarudi kitini. "Sawa," alisema. Neno hilo moja tu, na akaficha ulimi.

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Baada ya wiki sita wakurugenzi wangekuja kuutazama mfumo. Amwambie kijana leo, kwa faragha, arekebishe, asifiwe kwa kurekebisha? Thubutu. Atasubiri ukumbi ujae. Na watu je? Aliwafikiria, tusimwonee, aliwafikiria kwa muda wa kufunga kabati. Mvua kubwa zilikuwa bado miezi miwili. Kabla tone la kwanza halijaanguka, mambo yote yangekuwa yamenyooshwa. Hakuna atakayelowa. Huyu ni mwanamke aliyepima maji maisha yake yote, basi akadhani hakuna kinachoweza kumzamisha mtu ila maji.

Zile wiki sita zilikuwa za raha, aibu iliyoje kusema. Trei yake ya kazi ilikaa tupu. Aliketi akinywa chai, akiwahesabia mawakala vyeti vyao vya kijani. Siku moja, kwa udadisi tu, alichukua simu ya dereva wa ofisi, iliyokuwa imewekewa mfumo ule, akamwomba ampeleke kwenye bonde nyuma ya kiwanda cha matofali. Akasimama pale, akabonyeza penye "Mahali ulipo", bila kuandika anwani yoyote. Simu ikawaza, ikatoa nyekundu. Ikasema maji hufika mita moja na robo, na hurudi kila miaka sita au saba. Bibi Futi akafungua daftari lake la zamani. Mita moja na robo, kasoro vidole viwili.

"Ina akili," alisema dereva.

"Ina akili, ndiyo. Waliokosa akili wanajulikana." Akamrudishia simu. Lilimchoma kidogo kuona chuma kinajua alichokijua yeye bila kuchafua viatu, lakini furaha ilizidi. Mashine ilikuwa nzima, mjinga ni mwenyewe. Ungetaka nini zaidi?

Wiki ya sita ilipoanza mdogo wake alipita ofisini, amejifunga kitambaa kipya, macho yanacheka.

"Dada, Jumamosi usiwe na safari. Nina jambo langu."

"Jambo gani? Umepata mchumba, au umepata mtu wa kukuazima akili?"

Macho ya mdogo wake yakaacha kucheka. "Utaona Jumamosi," alisema, akaondoka.

Alhamisi wakurugenzi wakafika, watatu, wakiongozwa na mwenyekiti, mama mmoja mkavu wa miwani minene ambaye hakuwa akitabasamu bila sababu ya kikazi. Bwana Setilaiti alivaa tai. Akawasha projekta, duara likawaka, akasema asilimia tisini na saba, akasema data. Alipouliza kama kuna swali, Bibi Futi alikuwa amekwisha kusimama.

Aliongea vizuri, hilo hatumnyimi. Aliwaambia lile duara ni posta. Aliwaeleza habari ya anwani na ya S.L.P., taratibu, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Mkurugenzi mmoja akaficha uso kwa karatasi. Bwana Setilaiti akalegeza tai.

"Mfumo unajua maji yanapita wapi," alisema Bibi Futi. "Bwana huyu ndiye asiyejua nyumba ziko wapi. Mimi niliona siku ileile ya kwanza, nikiwa nimesimama hapahapa, kabla hajamaliza kubonyeza. Akaniambia nikapumzike."

Sasa alikuwa na ukumbi wote mkononi, na angeweza kuketi. Hakuketi. Alitaka wamwone kijana akivuliwa nguo mpaka ya mwisho.

"Naomba karani alete fomu ya cheti kimoja cha mfumo huu. Chochote kile. Tuone nani amelala juu ya paa la posta."

Karani akaleta. Bibi Futi akavaa miwani, akaruka jina, maana majina ya wateja hakuyajali, akaisoma kwa sauti. "Kazi ya mteja, fundi cherehani. Anwani, Sanduku la Posta mia tatu arobaini na moja."

Mia tatu arobaini na moja lilikuwa sanduku lake yeye. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba, palepale kitini. Watu wawili tu duniani walilitumia sanduku lile. Akautazama mwandiko, herufi za mviringo zilizolala kushoto, akashuka kwa macho mpaka chini ya karatasi, kwenye mistari ambayo mfumo haukuisoma. Maelezo ya kufika: nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba ya tatu kutoka kwenye kalavati. Cheti kilikuwa na wiki tatu.

"Endelea," alisema mwenyekiti.

"Nyumba hii," alisema Bibi Futi, "imo bondeni. Maji hufika kifuani."

"Na sisi tumeipa kijani." Mwenyekiti aliandika kitu. "Ulisema uliona siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko alivyomtazama Bwana Setilaiti. Kisha akatoa amri. Vyeti vyote vipya visimame. Mkaguzi aende nyumba kwa nyumba na simu, achukue mahali palepale mlangoni, amsomee mwenye nyumba matokeo, naye mwenye nyumba atie saini. Aanze leo. Aanze na hii.

Dereva alimpeleka bila kuuliza. Kwenye kalavati majani yalikuwa makavu na watoto walikuwa wakicheza mpira katika mtaro, mahali pa kupendeza kabisa, ndivyo mabonde yalivyo wakati wa kiangazi. Mlango wa nyumba ya tatu ulikuwa wazi. Cherehani nne zilikuwa zimepangwa sebuleni, mbili bado zimefungwa kamba, na mdogo wake alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu.

"Nani kakwambia?" alipiga kelele kwa furaha, akainuka akishika kiuno. "Ilikuwa iwe Jumamosi! Haya, umeshaniharibia, ingia. Dereva, karibu. Dada, tazama dirisha. Tazama nafasi. Na njoo uone hiki." Akamvuta mkono mpaka ukutani. "Soketi. Zote wameziweka juu hivi, usawa wa kifua. Sijawahi kuona. Mgongo wangu huu, sitainama tena kuchomeka waya. Nilipoziona tu nikasema, Mungu, nyumba hii ni yangu."

Bibi Futi aliziangalia soketi. Hakuna anayeweka soketi usawa wa kifua kwa ajili ya mgongo wa mtu. Ziliwekwa pale na mtu aliyekwisha kuziona zikizama.

Alitoa simu, akasimama kizingitini, akabonyeza. Nyekundu. Akatoa fomu.

Mdogo wake akaiona. Akamwona dereva pia, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Umekuja kama dada au kama mkaguzi?"

"Nimetumwa nikusomee."

"Nisomee basi."

Alimsomea. Haikuchukua hata dakika mbili: kina cha maji, miaka, cheti kimefutwa, kampuni haitakata bima. Mdogo wake alisikiliza akikamua tambara ndani ya ndoo, mpaka likaisha maji.

"Lakini cheti kimetoka kwenu," alisema. "Kimeandikwa Idara ya Ukaguzi. Idara ya Ukaguzi si wewe? Kilipokuja nilikaa nikakisoma mara tatu. Nikasema, basi dada ameshaipitisha hii. Safari hii hajacheka. Ndiyo nikaenda kulipa. Muuzaji ameshahama. Kile chumba changu ameshapewa mtu."

"Meneja aliingiza anwani badala ya..."

"Ofisini mmejua leo?"

Palikuwa na njia ya kutokea pale, pana kabisa, na aliiona. "Wao wamejua leo," alisema Bibi Futi.

"Na wewe?"

Dereva alitoka nje.

"Siku ya kwanza. Wiki sita."

Mdogo wake alichukua kalamu mkononi mwa dada yake, akaiweka fomu juu ya meza ya cherehani, akatia saini pale penye "Mwenye nyumba amesomewa na ameelewa", kwa herufi zake za mviringo. Akairudisha.

"Umemkomoa?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo meneja wenu. Umemkomoa vizuri?"

"Nimemkomoa," alisema Bibi Futi.

"Basi hongera, dada," alisema mdogo wake, akapiga magoti tena, akaendelea kupangusa sakafu.